Zawadi ya Waliolipia Mapema

Mektilda aliwasha mashine ya gemu Ijumaa asubuhi kama alivyoiwasha kila siku tangu Mei, na kwenye mashine ile yeye alijua kitufe kimoja tu, cha kuwashia. Siku nyingine zote kioo kilileta wachezaji wanakimbia, naye anakwenda zake kwenye cherehani yake pale mlangoni mwa kibanda, anawaachia vijana wa mtaa wa Gongoni kelele zao. Siku hiyo kikaleta jina la mdogo wake. Revocatus, kwa herufi kubwa nyeupe, na chini yake Kizungu kirefu.

"Kashindye!" aliita. "Hebu njoo unisomee haya."

Kashindye alikuwa dereva wa bodaboda, mteja wa asubuhi, wa kucheza mechi moja kabla ya kwenda kijiweni. Alisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akavua kofia yake.

"Dada Mek, ni lile gemu. Dimba jipya. Limefika."

"Gemu gani?"

"Lile alilolipia Revo."

Loo! Mektilda alijikuta amekaa kwenye benchi ya wateja, mkasi ungali mkononi.

Na hapa tuelewane kwanza, maana kuna watu wazima wenye akili zao ambao ukiwaeleza jambo hili wanadhani unawachezea. Kampuni inatengeneza gemu la mpira. Gemu lenyewe halijaisha, hakuna aliyeliona, pengine hata wenyewe hawajui litatokaje. Lakini inatangaza: lipa sasa, miezi mingi kabla, utalipata siku tatu mbele ya wenzako, utapewa viatu vya dhahabu vya kumvalisha mchezaji wako, na juu ya hayo utaandikisha mchezaji mmoja kwa jina unalotaka wewe, namba unayotaka, nafasi unayotaka. Ukichelewa, ndiyo basi tena. Mchezaji huyo hutampata milele. Hilo la mwisho ndilo linalowamaliza. Mtu anayebishana nusu saa na muuza nyanya kwa ajili ya shilingi mia, mwambie tu "hutakipata tena" uone anavyotoa hela bila kuhesabu.

Revocatus, mwenye kibanda, alilipa Februari. Gemu liliahidiwa Juni, likasogezwa mpaka Septemba, na kadiri lilivyosogezwa ndivyo alivyozidi kulipenda. Kibanda kizima kilisubiri pamoja naye. Vijana walishamjua mchezaji atakayetokea: REVO, namba tisa, straika, maana nani asiyejiandika mwenyewe? Mektilda alimgombeza mpaka koo likakauka.

"Umelipia chakula hakijapikwa! Wakikuletea kibichi?"

"Dada, raha yenyewe si ndiyo hii ya kusubiri?" Revo alikuwa anamjibu, anacheka.

Hapo sauti ilidakia kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Ilikuwa ya Issa, fundi simu, Mzaramo aliyekuja Tabora kwa wiki mbili miaka tisa iliyopita na hajaondoka. "Mwache, dada! Mnyamwezi huyo. Babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka pwani mpaka huku, yeye anaibebea kampuni."

"Afadhali sisi tulibeba," Revo anarudisha. "Nyie ngoma ikilia tu, mnauza shamba."

Na siku ilikwenda hivyo, kwa matusi ya kitani ambayo mgeni angedhani watu watashikana mashati. Watani hawashikani. Mzaramo na Mnyamwezi wamerithishana utani tangu enzi za misafara, na sheria yake ni moja: akuambie nini, akufanyie nini, hukasiriki.

Mei, lori lilimgonga Revocatus na pikipiki yake kwenye barabara ya Nzega. Alilazwa hospitali ya Kitete siku mbili, ya tatu hakuiona. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Mektilda alikuwa na thelathini na nne, na kabla ya kuwa dada yake alikuwa mgongo wake, kwa sababu mama yao alikuwa mtu wa shamba na ng'ombe kule kijijini Choma, na mtoto aliachiwa mtoto.

"Wanasema zawadi zake zichukuliwe kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni," Kashindye alisema. "Gemu litabaki. Ila viatu na yule mchezaji, muda ukipita, wanafuta."

"Wanafuta jina lake?"

"Wanafuta, dada."

"Basi zima."

"Lakini dada..."

"Zima, Kashindye. Nenda kazini kwako."

Usidhani alikuwa hataki. Alitaka mpaka kifua kinamuuma. Lakini katika dunia nzima kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu ambacho Revo alikuwa bado anakisubiri. Nguo zake zilishagawiwa, kitanda kilishachukuliwa, misa ya arobaini ilishasomwa. Hiki kilikuwa hakijaja, na mradi hakijaja, Mektilda aliona mdogo wake hajamaliza kuondoka. Wakikifungua, imekwisha. Wasipokifungua, kampuni itamfuta Jumapili jioni kwa kubonyeza mahali, na huko wala hawatajua wamemfuta nani. Kote kubaya. Alishona suruali moja ya shule siku nzima na mguu mmoja akaushona kinyume.

Jumamosi alimpigia mama yake simu.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwanangu. Sauti imekaukaje hiyo?"

Alimweleza kadiri alivyoweza. Mama Dafrosa hakuwahi kuona gemu maishani mwake, akaelewa kwa njia yake, kwamba kuna kifurushi cha Revo mahali fulani na wenyewe wamechoka kukitunza.

"Alikilipia?"

"Alilipia, mama."

"Yeye mwenyewe, kwa jasho lake?"

"Ndiyo."

"Basi kakichukue. Mwanangu hajaiba kitu cha mtu, kwa nini kitu chake kirudi kwa wenyewe? Kakichukue, unisikie. Halafu uniambie kilikuwa nini. Na mimi nataka kujua alikuwa anataka nini."

Mektilda alikata simu, akalia kwa pua tu. Machozi hayakutoka. Tangu msibani yalikuwa yamekataa kutoka, na jambo hilo lilimwaibisha kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Ila kulikuwa na kikwazo, na kikwazo chenyewe alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake. Ili akaunti ifunguke, namba ya siri ingetumwa kwenye simu ya Revo. Na simu ya Revo ilikuwa kwa Issa. Na Issa na Mektilda walikuwa hawajasemezana miezi minne, ingawa kati ya cherehani yake na meza ya Issa kulikuwa na mbao moja.

Ilikuwa hivi. Siku ya kumzika Revo kule Choma, Issa alisafiri na waombolezaji akafanya kazi ya mtani. Alikuja amevaa jezi ya Revo. Akatembea kwa mwendo wa Revo, bega moja chini, akakaa ukingoni mwa kaburi akapiga kelele kwa sauti ileile ya Revo: "Hazikwi mtu hapa! Nani kasema mechi imeisha? Refa, ongeza dakika!" Watu walicheka. Walicheka huku wanalia, na mama Dafrosa alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu kwa nusu dakika mwanawe alikuwa amerudi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Issa aliifanya vizuri mno. Mektilda aliisikia ile sauti, akaenda moja kwa moja, akamzaba kofi mbele ya ukoo mzima.

Kumpiga mtani msibani! Wazee walishika vichwa. Jioni, kabla ya kuondoka, Issa aliitoa simu ya Revo iliyopasuka kwenye kikapu cha vitu vya marehemu, akasema kwa sauti ya chini, "Hii naishika. Anayeitaka aje aikomboe." Watani huwa wanafanya hivyo, wanashika kitu, unatoa chochote unakikomboa, mnacheka, yanakwisha. Mektilda alimwambia akae nayo mpaka imuozee.

Jumapili alitoka misa ya pili, akapita sokoni, akanunua jogoo. Alivuka mtaa na gauni lake la kanisani, jogoo kwapani anapiga kelele, watu wanamtazama. Issa alikuwa ameinamia simu ya mtu, miwani ya kukuzia iko kwenye jicho moja. Alipoinua uso na kumwona, alisahau kuivua.

Mektilda alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Yote yakapotea. Akabaki na jogoo.

"Shika mboga yako, Mzaramo," akasema. "Najua kwenu mmeuza mashamba mpaka la kufugia kuku."

Issa alimtazama. Kisha akampokea yule jogoo, akampapasa kifua.

"Huyu ndiye jogoo? Miezi minne nasubiri, unaniletea mifupa imevaa manyoya?"

"Ndiye tuliyempata."

"Wanyamwezi bwana. Mmembebesha mizigo njiani."

Mektilda alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kukwama, lakini Issa alikisikia, akageuka upesi kuvuta droo ili asionekane uso. Akaitoa simu. Kioo kilikuwa kipya. Ilikuwa inawaka, na chaji imejaa.

"Umeitengeneza?"

"Wiki ileile."

"Na laini? Laini isipotumika miezi mitatu si wanaifunga?"

"Ndiyo." Issa aliifuta simu kwa shati lake ingawa ilikuwa safi. "Kila mwezi naweka vocha ya mia tano, najipigia. Naliona jina lake linaita kwenye simu yangu. Naiacha iite kidogo, halafu napokea."

"Unapokea unasema nini?"

"Namtukana. Nifanyeje sasa? Mtani wangu."

Mektilda alishika mkono wa Issa uliokuwa na simu, akaushika kwa mikono yake miwili, wakakaa hivyo mpaka jogoo akaanza kurukia vipuri.

Saa tisa kibanda kilijaa. Hakuna aliyewaita, lakini Kashindye ana mdomo na pikipiki. Walikaa kimya kama wako kanisani, na Kashindye aliingiza namba ya siri iliyokuja kwenye simu. Kioo kikapiga rangi, muziki ukalia.

Vikaja viatu kwanza. Viatu vya dhahabu, vinazunguka vyenyewe hewani. Kusema kweli dhahabu yenyewe ilikuwa ya manjano tu, na wenzangu wanaolipia mapema watanisamehe, lakini usingeweza kujua kwa kutazama ni kwa nini mtu akeshe anaviwaza.

"Miezi saba," Issa alisema, "kwa ajili ya ndala?"

Vijana walipasuka kwa kicheko, na Mektilda naye. Akasikia hasira kidogo vilevile, hasira ya kwamba walimfanya mtoto wake asubiri kwa hamu vile kwa ajili ya kitu kidogo vile.

"Sasa anakuja mwenyewe," Kashindye alisema. "Tayari, dada?"

"Fungua."

Kioo kikawa cheusi. Akatokea mchezaji, mgongo kwanza, anageuka taratibu. Alikuwa mwanamke. Mrefu, mabega mapana, glavu mikononi. Chini yake pameandikwa: MEKTILDA. Namba moja. Kipa. Na palipoachwa nafasi ya mwenye mchezaji kuandika maneno yake mawili matatu, Revocatus alikuwa ameandika kwa Kiswahili: Huyu kanilea. Msimfunge.

Mektilda aliyasoma maneno yale mara nne, na hakuhitaji wa kumtafsiria. Mbele yake ilifunguka Choma, nyuma ya zizi, nguzo mbili za geti ndizo goli. Mama yuko kwenye pamba. Yeye ni msichana wa miaka kumi na tano, ana sufuria jikoni, na kitoto cha miaka sita kinamwambia kaa golini dada, moja tu, la mwisho. Hakuwahi kumwachia goli la bure hata mara moja. Kilikuwa kinapiga, anadaka, kinalia, kinafuta kamasi, kinarudisha mpira nyuma, kinapiga tena. Yeye alidhani ulikuwa mchezo wa kumtuliza mtoto mpaka mama arudi. Alidhani Revo ameshasahau.

"Mtoto huyu," alisema. "Jamani, mtoto huyu."

Kashindye alimwekea mikononi padi, kile kidude cha kuchezea, akamwonyesha: hiki unarukia, hiki unatupia mpira. Yeye akachukua ya pili, akacheza upande wa wapinzani. Mpira ukaanza. Mchezaji wa Kashindye aliwapita mabeki wote, akabaki peke yake na kipa, akageuza, akarudi nao nyuma. Akaja tena, akarudi tena.

"Piga, Kashindye."

"Siwezi, dada. Imeandikwa."

Akampa padi mwenzake. Naye akafika golini, akasimama, akapiga mpira nje makusudi. Wa tatu vilevile. Walikuwa vijana wazuri na walikuwa wanamheshimu Revo. Lakini tangu Mei watu walikuwa wanamshika Mektilda kama yai. Wateja walimlipa bila kubishana, majirani walishusha sauti akipita, hata mashemasi kanisani walimpisha njia. Sasa na hawa.

"Pigeni bwana!" akapaza sauti. "Mnanihurumia?"

Ndipo Issa akanyoosha mkono.

"Lete hapa hiyo," alimwambia yule kijana.

Hakukimbia sana. Alimleta mchezaji wake mpaka kwenye mstari wa boksi, akamtazama Mektilda, si yule wa kwenye kioo, huyu wa kwenye benchi. Akapiga. Mektilda alibonyeza kitufe sicho, kipa akarukia kushoto, mpira ukaingia kulia.

Kibanda kizima kilimgeukia Mektilda, wengine wanautazama mkono wake wa kulia, maana wengi wao walikuwa Choma siku ile. Issa naye alikuwa anasubiri. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyaficha.

"Mshenzi wewe, Mzaramo!" Mektilda alisema. "Unanifunga mbele ya mdogo wangu!"

Na hapo yakatoka. Miezi minne yote ikatoka kwa pamoja, machozi na kamasi na kicheko, amejikunja juu ya padi, mabega yanaruka, hajali anaonekanaje na gauni lake la kanisani. Kashindye alimletea kitambaa kutoka kwenye cherehani, kipande cha suruali ya mtu. Issa alikaa chini sakafuni pembeni yake akalia naye, na katikati ya kulia akasema kipa mbovu kama huyu hajapata kumwona, na Mektilda akampiga ngumi ya begani, ngumi ya kitani, halali kabisa.

Alipomaliza alipenga, akakaa sawasawa.

"Rudisha mpira kati."

Issa alimfunga la pili. Akamfunga la tatu na la nne. Saa kumi na mbili ilipita hakuna aliyeitazama. Wale vijana waliacha woga, wakaanza kupiga kelele, mmoja anasema ruka mapema, mwingine anasema ah wapi, subiri kwanza, na Mektilda anawafokea wote wanyamaze. Magoli saba. La nane Issa alipiga kwa nguvu, kona ya juu kulia, na kidole cha Mektilda kikaenda penyewe, yule mwanamke wa kwenye kioo akaruka mzimamzima, akaudaka mpira kwa mikono miwili.

Kibanda kililipuka. Mektilda aliruka kutoka kwenye benchi, padi juu, na akageuka nyuma, kule kwenye kona alikokuwa anakaa Revo siku zote, mdomo umeshafunguka kumwambia umeona, umeona nilivyodaka.

Kona ilikuwa na ndoo ya maji na fagio. Aliitazama kwa muda. Kisha akakaa, akakamata padi vizuri.

"Piga lingine," alimwambia Issa.